Aproni ya Mbeleko

Mwanangu Zena,

Umelala kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, mdomo wazi, na pengo la lile jino lililong'oka linaonekana. Wamekwambia ulale mchana huu ili kesho asubuhi usisumbue kwenye gari la Kinole. Mimi nimekaa kwenye kigoda, daftari liko magotini, na nimeandika neno "mwanangu" nikalitazama muda mrefu. Sijawahi kuliandika. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na wewe ni mdogo wangu. Lakini nikijaribu kuandika "mdogo wangu" naona kama namwandikia mtu mwingine.

Huwezi kuisoma barua hii sasa. Unajua herufi za jina lako na za jina langu, na ile Z unaiandika ikiangalia nyuma. Nitaiweka kwenye begi lako chini ya sweta, na Bibi yako ameahidi kukutunzia mpaka uweze kusoma mwenyewe. Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa ya minyoo, wala usiende mtoni peke yako. Hayo Mama ameshakwambia, Baba ameyarudia, na jirani yetu Mama Shabani ameyapigia kelele juu ya ukuta. Mimi nataka kukuandikia habari za aproni, kwa sababu tangu juzi hunisemeshi, na sababu ni hiyo aproni.

Uliniuliza neno moja tu. Ulisimama pale penye jiwe la kufulia ukasema, "Dada Sau, umenikata?" Sikukujibu. Si kwamba sikutaka. Sauti haikuja. Ukaondoka, na tangu hapo ukitaka maji unamwomba Mama, hata kama mimi ndiye niliyeshika kikombe.

Kwa hiyo ninakujibu hapa.

Ulikuja nyumbani nikiwa darasa la nne. Nilirudi kutoka shuleni na njaa yangu, nikakuta mtoto mchanga kitandani kwa Mama, amezungushiwa kanga ya zambarau yenye maua makubwa meusi. Nilidhani ni mtoto wa mgeni. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Huyu ni mdogo wako," akasema. "Anaitwa Zena. Mama yake amefariki huko Kinole. Alikuwa mke mwenzangu."

Alilisema kama anavyotaja bei ya nazi. Mimi sikujua kama Baba ana mke mwingine. Nilijua huwa anapanda milimani kununua ndizi, na kwamba hukaa kidogo kabla ya kurudi. Nikasimama pale na begi mgongoni, nikikutazama, na wewe ukafumbua macho ukapiga chafya.

"Shika hivi," Mama akasema. "Kichwa kisianguke."

Hayo ndiyo maelezo yote niliyopata. Mpaka leo sijui usiku ule Mama na Baba waliambiana nini. Ninachojua ni kwamba Mama hakuwahi kukuita mtoto wa mwingine, hata siku ulipovunja kioo cha kabati lake.

Mama hutoka alfajiri kuuza vitumbua, na jioni huwa anasaga mchele na kukuna nazi za kesho yake. Kwa hiyo mchana, nikishatoka shuleni, ulikuwa wangu. Nilikubeba mgongoni kwa ile kanga ya zambarau uliyokuja nayo. Wewe ulikuwa mtoto wa ajabu. Ukisikia nimesimama, unaamka. Nikikaa ndiyo kabisa. Nikajifunza kusoma nikitembea, kutoka mlango wa uani mpaka kwenye mpapai na kurudi, kitabu mkono mmoja, mkono mwingine ukipigapiga matako yako. Historia yote ya darasa la sita niliisoma hivyo. Watu wakapata la kusema.

"Mama Zena," Mama Shabani alikuwa akiniita kutoka upande wa pili wa ukuta, "baba mtoto kaacha hela ya sukari?"

Nilikuwa nainamisha uso. Unajua nilivyo, nikisemeshwa na watu wawili kwa pamoja nasahau hata jina langu. Shuleni nako Neema, rafiki yangu tunayekaa dawati moja, alifungua daftari langu la Jiografia akakuta doa kubwa la njano kwenye ramani ya Afrika.

"Saumu, hili ziwa gani jipya?"

"Si ziwa. Ni Zena."

Darasa zima likacheka, na mimi nilicheka pia, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba jina la mama sikujipa. Watu walinipa kwa utani, nikazoea kuitika. Mwishoni nikasahau kwamba ulikuwa utani.

Sasa aproni.

Mwaka huu umeanza kupenda jikoni. Kila jioni unataka kukoroga unga wa vitumbua, na Mama anakuachia kwa sababu ukikatazwa unakaa chini ya meza na kuimba kwa sauti ya msiba. Unakoroga vizuri, sikatai. Lakini unakoroga ukiwa na sare ya chekechea, na sare ni moja. Kila usiku naifua, kila asubuhi unaivaa ikiwa na unyevunyevu kwenye kola. Nikasema nitakushonea aproni.

Sikujua kushona. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha sayansikimu, kile cha zamani kisicho na jalada, chenye mchoro wa aproni ya mtoto na mishale ya vipimo. Mimi kitu kikiandikwa kitabuni naona kama nimeshakifanya. Nilikulaza juu ya gazeti nikakuzungushia kalamu, na picha ya mchezaji mpira ikaja katikati ya tumbo lako. Ulipoinuka ukatazama.

"Mbona mimi mnene?"

"Si mnene. Ni nafasi ya pindo."

"Na huyu mwanaume?"

"Huyo hatutamshona."

Kosa la kwanza lilikuwa shingo. Nilipima shingo yako kweli, nikakata gazeti sawasawa na shingo, na nilipokuvisha halikupita hata kwenye nywele. Kitabu hakikusema kwamba kabla ya kufika shingoni kuna kichwa. Ulikaa na gazeti kichwani kama kofia ya harusi, ukakataa kulivua mpaka Baba aliporudi. Nilikata lingine. Hilo likawa refu mpaka vidole vya miguu, kwa sababu nilikupima ukiwa umelala, na ukilala unajinyoosha. La tatu likakaa.

Kikabaki kitambaa. Nilitaka kitambaa laini kisichokukwaruza shingoni, chenye nguvu ya kufuliwa kila siku, na ambacho hakimuumizi mtu kikikatwa. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nikafungua sanduku lake la bati chini ya kitanda. Chini kabisa, chini ya nguo za Idi, nikaikuta kanga ya zambarau. Maua meusi yalikuwa yamefifia, katikati imekuwa nyepesi kwa kufuliwa. Nikainusa. Ilikuwa na harufu ya sabuni tu, lakini nilijisikia vizuri, kama nimekutana na mtu ninayemfahamu. Nikawaza hakuna kitambaa kingine kinachokujua kama hiki. Kilikubeba ukiwa mdogo, sasa kitakukinga na unga.

Nilikikunja mara mbili kama kitabu kilivyosema, nikaweka gazeti juu, nikakata. Mkasi ulikuwa butu, ilibidi kitambaa nikivute kidogo kidogo. Wewe ulikuwa umepiga magoti mbele yangu umeshika upande wa pili ili kisiteleze, ulimi nje. Tulifurahi sana. Nataka ukumbuke hilo kabla ya yote yanayofuata. Tulikikata mimi na wewe, tukiwa tumefurahi.

Nilishona kwa mkono, jioni mbili tatu, nikitoka shuleni. Mshono wa kwanza unakwenda kama njia ya mlevi, utauona upande wa kushoto. Wa kulia ni mzuri zaidi, kwa sababu ndio nilioshona mwisho. Mfuko mmoja mbele, kwa ajili ya vile vitu vyako usivyotaka kuonyesha watu. Mikanda ya kufungia nyuma niliitoa kwenye pindo za kanga, kwa sababu pindo ni ngumu, haziharibiki haraka. Chini niliacha mkunjo mpana, vidole vinne, ili ukirefuka ufumuliwe.

Mama alirudi akakukuta uani umeivaa, unakoroga maji na mchanga kwenye kopo. Alikuwa na ndoo kichwani. Hakuishusha. Alisimama tu.

"Saumu. Hiyo ni ile ya sandukuni?"

"Ndiyo, Mama. Imemtosha."

"Umeikata."

Haikuwa swali. Akashusha ndoo polepole, akakaa kwenye ngazi, akavua kandambili moja na kuishika mkononi. Nikadhani atanipiga nayo. Hakunipiga. Alikuwa ameishika tu, kama amesahau ilikuwa ya nini.

"Hukujua," akasema. "Nani angekwambia? Mimi ndiye nilipaswa kukwambia."

Ndipo akanieleza. Mbeleko ya mtoto wa kwao, kwa wazee wa Kinole na hata kwa wazee wa upande wetu, haikatwi ovyo. Wanaoacha mtoto alelewe kwingine humleta ndani ya mbeleko yao, na inakaa nzima muda wote. Siku aliyembeba mtoto akiikata, ni sawa na kusema mbele ya watu kwamba mtoto ameshuka mgongoni, ametosha, wenyewe waje wamchukue. Hakuna barua wala kikao kinachozidi hilo.

"Na Zena ni wa kwao," Mama akaniambia. "Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Hilo unalijua."

Nililijua. Nilikuwa nalijua kama ninavyojua majina ya mito ya mbali, kitu cha kujibia mtihani. Mimi mwenyewe ni wa ukoo wa Mama, na mjomba wangu ndiye aliyesimamia hata suala la shule yangu. Sikuwahi kufikiri, Zena, hata mara moja, kwamba kumbe mimi na wewe tunaolala kitanda kimoja ni wa koo mbili.

"Tutaificha," nikasema.

"Ukifika wakati wataiulizia."

"Wakati gani?"

Mama akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. Kumbe Baba na mjomba wako walikubaliana tangu mwanzo kwamba ukifikia kuanza darasa la kwanza utarudi kwenu. Kumbe mjomba alikuwa ameshapiga simu. Watu wote wakubwa wa nyumba hii walijua, na mimi niliyekuosha masikio kila Ijumaa sikujua.

Watu wa kwenu wakaja wiki ile ile. Mama alikuwa ameificha aproni juu ya kabati, lakini wewe ukiona kitu kimefichwa juu unapanda. Tulikuwa sebuleni. Mjomba wako Athumani amekaa na kofia yake, ni mpole sana, akikusalimu anashika kifua. Pembeni yake bibi yako, mama wa mama yako. Na hapo, Zena, kabla ya jambo lolote kusemwa, nilishtuka mara ya kwanza. Niliinama kumpa shikamoo, nikainua macho, nikaona uso wako. Paji lako. Masikio yako yaliyosimama. Hata namna unavyouvuta mdomo wa chini ukifikiri. Ulikuwa uso wako, umezeeka, umenifikia kabla yako. Nilisahau kungoja aitikie, nikakaa.

Mara mlango ukafunguka, ukaingia mbio na aproni mwilini, mikanda inaburuta.

"Dada Sau, nifunge!"

Bibi akanyoosha mkono akashika ncha ya aproni, akaigeuza, akatazama nyuma ya kitambaa, akatazama ule mshono wangu wa kilevi. Vidole vyake vilisimama kwenye ua moja jeusi.

"Nani amekata?"

Mama alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilifungua mdomo ukakauka.

"Basi," mjomba Athumani akasema, "tulikuja na maneno mengi, naona yamekwisha. Nyumba imeshasema."

Baba akasogea mbele ya kiti. Baba yetu, fundi baiskeli ambaye mteja akileta pancha moja anaondoka na hadithi tatu. "Naomba niseme kidogo," akasema.

"Shemeji, wewe ni mwenzetu," mjomba akajibu kwa upole. "Lakini kwa hili sikiliza kwanza. Huyu ni wa lukolo yetu." Ndivyo wanavyouita ukoo wao huko juu.

Na Baba akasikiliza. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Nilikuwa nangoja apandishe sauti, apige goti na kiganja kama anavyofanya, aseme huyu ni damu yangu. Walipanga siku, walipanga gari, walitaja shule iliyo karibu na kwao. Mwishoni kabisa Baba akasema maneno mawili tu.

"Sweta analo."

Wewe ulikuwa umeshapanda mapajani kwa bibi yako, unamwonyesha mfuko.

Nilitoka nikasimama nyuma ya choo. Sikulia. Niliiangalia mikono yangu kama si yangu. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: nimekutoa kwa mkasi. Nilitaka sare yako isichafuke, nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba nimechoka kukubeba. Na nilipoulizwa ni nani aliyekata, nilinyamaza. Kukata nilikata bila kujua. Kunyamaza nilinyamaza nikijua.

Hilo ndilo kosa ninalotaka ulitazame vizuri, kwa sababu naona dalili zake kwako. Wewe si mwoga wa watu, lakini ukiumia unanyamaza. Mimi nimenyamaza maisha yangu yote nikisema ni aibu. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nanyamaza, Neema anajibu jibu langu. Nikafikiri ni tabia nzuri, kwa sababu kila mtu ananisifu, "Saumu mtoto mtulivu." Siku ile sebuleni utulivu wangu ulikuwa mbaya kuliko kelele. Sijui ningesema nini. Pengine ningesema tu, "Ni mimi, Bibi, na sikumaanisha hivyo." Sauti ingetetemeka. Ingetetemeka, basi. Ukiwa huko na neno linakukaba, liseme hata likitoka limepinda kama mshono wa kushoto. Mshono ule umepinda lakini umeshika, nimeuvuta kuujaribu.

Watoto wa Mama Shabani wanasikia kila kitu kinachopita juu ya ukuta. Juzi walikwambia kwamba dada yako amekata mbeleko, maana yake unafukuzwa. Ndipo ukaja kwenye jiwe la kufulia na swali lako.

Leo asubuhi nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Bibi yako alikuwa uani anamenya ndizi mbichi, peke yake. Alikuja tena jana na mjomba, wamelala hapa. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akasema bila kugeuka, "Ukiwa mlinzi wa mlango huo, nieleze mshahara."

Nikacheka kidogo, nikaenda nikakaa, nikachukua kisu.

"Bibi, ni mimi niliyekata."

"Najua."

"Sikujua maana yake. Nilitaka aproni tu."

"Hilo nalo najua. Anayekata kwa kusudi hashoni mfuko."

Tukamenya. Utomvu wa ndizi ulikuwa unanata vidoleni, nikasahau kupaka mafuta kwanza, naye akanisogezea kibakuli bila kunisema.

"Bibi, nisingekata, Zena angebaki?"

Akaacha kumenya. Akauvuta mdomo wa chini, vile vile.

"Asingebaki. Binti yangu alikufa mikononi mwangu akisema mtoto asipotee. Nilikuwa na mwaka wangu wa kumfuata, na miguu hii ingenileta hata kwa magoti." Akanitazama. "Lakini ungeniachia kanga nzima, ningemchukua kama mtu anayechukua mzigo aliouweka kwa jirani. Asante, kwaheri, yameisha. Unajua nani anaruhusiwa kukata?"

"Aliyembeba."

"Siku ile niliuliza nani amekata. Nyote mkatazama chini kama nimeuliza nani kaiba. Mimi nilikuwa nauliza mama wa mtoto ni yupi. Nilidhani ni mama yako. Nilikuja na maneno ya kumshukuru yeye."

Nikashindwa kuinua uso.

"Mama yako jana ameniambia, 'Mimi nilimlisha, Saumu alimbeba.' Basi. Aliyekata mbeleko kwetu ana sehemu yake. Likizo mtoto anateremshwa kwako, si kwa baba yake, kwako. Na siku akiwa mwali, nikiwa hai au sipo, utaitwa, utakaa mkekani upande wa mama yake. Usije na vitabu siku hiyo."

"Kimoja tu, Bibi."

"Kimoja," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilikaa pale na kisu mkononi sijui nifanye nini nacho. Mpaka sasa ninapoandika bado sijatulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa kuomba msamaha, nilikuwa na maneno ya yote mawili. Kwa hili sikuwa na neno hata moja. Zena, kesho unaondoka. Hilo halikubadilika, na mimi usiku nitanyoosha mkono kitandani nikute ukuta. Lakini hukufukuzwa. Swali lako jibu lake ni hili: nilikata kanga. Wewe sikukukata. Na watu wa kwenu, wanaojua zaidi yangu maana ya kukata, wamenihesabu kuwa mama yako kwa sababu hiyo hiyo.

Sijui ukisoma hapa utakuwa na umri gani. Huenda wangu. Utakuwa unajua milima ile kwa majina, mashamba ya mdalasini, njia za mkato, na mimi nitakuwa mgeni wako ninayehema kwenye mwinuko. Utanicheka. Nicheke. Ila ukikutana na mtu aliyefanya jambo zito bila kujua uzito wake, kabla hujamhukumu mtazame mikono alipokuwa analifanya. Mimi Mama aliniangalia hivyo siku ile kwenye ngazi, amesahau kandambili mkononi. Na Bibi aliuangalia mfuko.

Nilitaka kuendelea lakini umeamka.

Nakuona unakaa kwenye mkeka, alama za ukindu shavuni, unatafuta kitu kwa macho. Sijasema neno. Umesimama ukaenda kwenye begi lililokwisha kufungwa, umefungua zipu, na sweta ambalo Mama alilikunja vizuri umelitupa chini. Umetoa aproni. Umeivaa kichwani, shingo imepita. Umejaribu kufunga nyuma mwenyewe, mikono yako mifupi inatafutana mgongoni, mikanda inaponyoka.

Mama anaita kutoka jikoni kwamba unga uko tayari, nani anakuja kukoroga.

Umekuja mpaka kwenye kigoda changu. Hujanitazama wala hujasema kitu. Umegeuka, umesimama na mgongo wako mbele ya magoti yangu, umeshika mikanda miwili nyuma, mmoja kila mkono, unaningojea.

Naweka kalamu chini nikufunge.

Dada yako Saumu,
mama Zena